Mfarishi wa Maua Hukaguliwa Nchani

Juzi kwenye maonyesho ya kazi za mikono niliona mfarishi wa maua, sita kwa sita, umetundikwa ukutani, watu wanaupiga picha na kumpongeza fundi. Nikausogelea. Rangi zilipendeza, hilo sikatai. Lakini kila jani liliishia kwenye donge la uzi. Kazi ile haikustahili makofi.

Rangi huchaguliwa dukani. Ufundi uko nchani. Mshono wa zigizaga unaopanda ubavuni mwa jani la kitambaa lililobandikwa sharti uanze kupungua kabla ya kufika nchani, kutoka milimita 3 au 4 hadi karibu mstari mtupu, ugeuke, kisha utanuke taratibu upande wa pili. Fundi mvivu huuacha upana uleule mpaka mwisho, ndipo uzi unapolundikana. Kwenye mviringo wa petali, isimamishe sindano ikiwa imezama nje, kwenye kitambaa cha chini, ndipo unyanyue mguu wa kubana kitambaa na kugeuza kazi. Ukigeuza sindano ikiwa ndani ya petali, mishono inaachana na weupe unachungulia. Kwenye mpindo wa ndani, kinyume chake.

Ncha kali haihitaji mashine ya kisasa. Wanawake wa Baltimore, Marekani, waliobandika mashada ya maua kwenye mifarishi miaka ya 1840, walikunja ncha ya jani kwa sindano ya mkono. Bibi aliyenifundisha mimi alikuwa na cherehani ya miguu isiyojua zigizaga. Aliung'oa mguu wa kubana kitambaa, akafunika meno yanayosogeza kitambaa, akakaza kazi kwenye fremu na kuichezesha kushoto kulia. Upana wa mshono ulitoka viganjani mwake, na jani likachongoka lenyewe. Siku hizi cherehani ina mishono mia, na ncha zimekufa.

Nimewahi kumkuta fundi akiziba mapengo ya mishono kwa kalamu ya wino wa rangi ya uzi. Mteja alilipa, akafua mara moja, wino ukatoka. Tangu hapo hulowesha kidole nikasugua ukingo wa petali kabla sijasema neno.

Kanuni nyingine ni fupi. Bua lishonwe kabla ya ua. Uzi ukoze kidogo kuliko petali yake. Ua kubwa lisikae katikati kabisa. Mfarishi ukikunjwa ukalia kama karatasi, gamu ya kubandikia imezidi, usinunue.

Kwenye ule wa maonyesho nilihesabu majani kumi na mawili. Hakuna hata moja lililochongoka.