Protini Kabla ya Kulala: Namna Ujenzi wa Misuli Ulivyopimwa Usiku

Wanaofanya mazoezi ya vyuma kwa lengo la kujenga misuli na wakati huohuo kupunguza mafuta ya mwili hukutana na mashauri mawili yanayopingana. La kwanza huwakataza kula chochote usiku, kwa hoja kwamba chakula cha saa hizo hugeuka mafuta. La pili huwahimiza kunywa protini muda mfupi kabla ya kulala, kwa hoja kwamba misuli hujengwa usingizini. Yote mawili yana tafiti za kweli nyuma yake, ila kila moja limekwenda mbali kuliko ushahidi wake unavyoruhusu, na njia ya kuaminika ya kuyapima ni kurudi maabara na kuangalia jinsi majaribio yenyewe yalivyofanywa, nani alilinganishwa na nani, na ni kitu gani hasa kilichopimwa.

Protini za misuli ya mtu mzima huvunjwa na kuundwa upya wakati wote, kwa kiwango cha takriban asilimia 1 hadi 2 ya protini yote ya misuli kwa siku. Kitendo cha kuunda protini mpya kutokana na asidi amino, ambazo ndizo vijenzi vya protini, huitwa usanisi, na misuli hukua pale tu usanisi unapozidi uvunjaji kwa wiki na miezi. Mazoezi ya vyuma huongeza kasi ya usanisi, lakini bila asidi amino kutoka kwenye chakula uvunjaji huendelea kuuzidi, hivyo ni halali kuuliza kinachotokea katika saa saba au nane za usingizi, ambazo ndizo mfungo mrefu kuliko yote katika siku ya kawaida.

Swali hilo lilishughulikiwa kwa undani zaidi katika Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, na kundi la watafiti linaloongozwa na Luc van Loon. Mwaka 2008 kundi hilo lilionyesha kwamba vijana waliopewa protini na wanga wakati wa mazoezi ya jioni walipata ongezeko la usanisi mazoezini, lakini ongezeko hilo halikuendelea usiku walipolala. Hatua iliyofuata ilikuwa kuuliza kama tumbo la mtu aliyelala linaweza kusaga protini na kufyonza asidi amino zake ipasavyo, maana haikuwa dhahiri kwamba utumbo hufanya kazi usiku kama unavyofanya mchana. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2012, wanaume wazee wenye afya walipitishiwa mrija puani hadi tumboni, kisha wakamiminiwa gramu 40 za protini wakiwa usingizini. Protini ilisagwa vizuri, na usanisi katika misuli yao ukapanda.

Jaribio lililojulikana zaidi lilichapishwa mwaka huohuo, na mpango wake unastahili kuelezwa kwa kirefu. Vijana wa kiume 16 wenye afya walikula chakula kilichopimwa kwa siku nzima, wakafanya mazoezi ya vyuma saa 2 usiku, na saa 3 usiku wote wakapewa gramu 20 za protini na gramu 60 za wanga, ili pasiwe na mtu ambaye angeingia usiku akiwa hakula kitu baada ya mazoezi. Saa 5 na nusu, nusu saa kabla ya kulala, 8 kati yao walikunywa kinywaji chenye gramu 40 za kaseini, na 8 waliobaki wakanywa kinywaji kisicho na protini. Kaseini ni protini inayofanya takriban asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe, na sifa yake kubwa ni kwamba huganda ikikutana na asidi ya tumbo, hivyo asidi amino zake huingia katika damu polepole kwa saa nyingi, tofauti na protini ya wei, yaani ile inayobaki katika maji ya maziwa yaliyogandishwa, ambayo hufyonzwa haraka. Tofauti hiyo ya kasi ilikuwa imeonyeshwa na watafiti wa Clermont-Ferrand, Ufaransa, mwaka 1997.

Ugumu ulikuwa kujua kama asidi amino iliyokutwa ndani ya msuli asubuhi ilitoka katika kinywaji cha usiku au katika protini za mwili zilizovunjwa na kutumika tena. Watafiti walilitatua hilo kwa kuanzia kwa ng'ombe: ng'ombe wa maziwa aliingizwa katika mshipa fenilalanini, mojawapo ya asidi amino, ambayo kaboni yake moja ilikuwa ya isotopu nzito zaidi kidogo, kaboni ya 13 badala ya ile ya kawaida ya 12. Isotopu hiyo haina mionzi wala madhara, na tofauti yake huonekana tu katika mashine inayopima uzito wa molekuli. Maziwa ya ng'ombe huyo yakatoa kaseini iliyobeba alama yake ndani, na kwa kuchukua damu usiku kucha pamoja na vipande vidogo vya nyama ya paja, iliwezekana kufuatilia protini tangu tumboni hadi katika damu na hadi katika hesabu ya usanisi wa misuli. Ni kazi ya subira na gharama kubwa, na ubora wa kipimo hiki ndio unaofanya matokeo yake yastahili kusomwa kwa uangalifu badala ya kutajwa juujuu katika matangazo ya makopo ya protini.

Waliokunywa kaseini walikuwa na usanisi wa misuli wa asilimia 0.059 kwa saa, na wenzao asilimia 0.048, tofauti ya takriban asilimia 22. Katika mwili mzima, mizani ya protini ilikuwa chanya kwa waliokunywa kaseini na hasi kidogo kwa wasiokunywa. Hata hivyo, kiwango hicho kikizidishwa kwa saa saba na nusu za usiku huwa ni asilimia 0.44 ya protini ya misuli kwa kundi la kwanza na 0.36 kwa la pili, pengo dogo sana linaloweza kuwa na maana likijirudia kwa miezi, au likamezwa na mambo mengine ya siku. Zaidi ya hayo, kila kundi lilikuwa na watu 8 tu, na tofauti ya usanisi wa misuli ilisimama ukingoni kabisa mwa kigezo ambacho wanatakwimu hukitumia kutenganisha matokeo ya kweli na ya bahati. Kiasi nacho kina uzito wake, kwani utafiti wa mwaka 2017 kwa wanaume wazee 48, uliofanywa na kundi hilohilo, ulikuta kwamba gramu 40 ziliongeza usanisi ilhali gramu 20 hazikutosha.

Usanisi wa usiku mmoja si ukuaji wa misuli, na ndiyo maana jaribio la mwaka 2015 lilisubiriwa kwa hamu. Vijana 44 walifanya mazoezi ya vyuma kwa wiki 12. Kundi moja likanywa kila usiku kinywaji chenye gramu 27.5 za protini na gramu 15 za wanga, na jingine likanywa kinywaji kisicho na nishati yoyote. Eneo la mkato wa misuli ya mbele ya paja liliongezeka kwa sentimeta za mraba 8.4 katika kundi la protini na 4.8 katika kundi linganishi, na jumla ya uzito wa juu ambao mshiriki aliweza kunyanyua mara moja ikapanda kwa kilo 164 dhidi ya 130.

Hapa ndipo uchambuzi unapopaswa kusimama na kukaza macho. Kundi la protini lilifikia ulaji wa takriban gramu 1.9 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, na kundi linganishi lilibaki kwenye gramu 1.3. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi wa pamoja wa tafiti 49 zenye washiriki 1,863, ulioonyesha kwamba protini huendelea kusaidia misuli ya anayefanya mazoezi ya vyuma hadi karibu gramu 1.6 kwa kilo kwa siku, ndipo faida hupungua. Kwa hiyo kundi moja lilikuwa juu ya kiwango hicho na jingine chini yake, na mtu akiuliza kama kilichojenga mapaja hayo ni usiku au ni protini ya ziada, jaribio halina jibu, kwa kuwa lilibadilisha mambo mawili kwa pamoja. Aidha, kinywaji hicho kilikuwa na takriban kilokalori 170, ambazo kwa siku 84 hufikia zaidi ya 14,000, kiasi ambacho mtu anayetaka kupungua hawezi kukipuuza. Lawama haiwaendei watafiti, waliotaka kujua kama kuongeza kinywaji cha usiku kunasaidia na wakapata jibu la hilo. Kosa ni la wale waliolichukua jibu hilo na kulitumia kwa swali la saa.

Tafiti chache zilizojaribu kutenganisha saa na kiasi zilitoa kaseini ileile kwa makundi mawili, moja mchana au asubuhi na jingine usiku. Moja ya wiki 8 na nyingine ya wiki 10, zote zikiwa na washiriki wachache, hazikuonyesha kwamba usiku unashinda. Mwaka 2023 kundi la Maastricht lenyewe likaongeza jambo muhimu: vijana waliopewa gramu 100 za protini ya maziwa kwa mara moja baada ya mazoezi waliendelea kuitumia kujenga misuli kwa zaidi ya saa 12. Tokeo hilo linadhoofisha sana hofu kwamba msuli hukaa na njaa pale tu mtu anapolala bila kunywa kitu, ikiwa chakula chake cha jioni kilikuwa na protini ya kutosha. Na ni habari njema kwa anayefunga Ramadhani, ambaye hana mchana wa kugawia milo yake.

Upande wa mafuta, ushahidi unaotajwa zaidi dhidi ya kula usiku ni wa Hospitali ya Brigham and Women's ya Boston, Marekani, uliochapishwa mwaka 2022. Watu 16 wenye uzito uliozidi walikula chakula kilekile kwa ratiba mbili, ya pili ikichelewesha milo yote kwa takriban saa nne. Katika ratiba hiyo njaa iliongezeka, nishati inayotumiwa na mwili ikapungua, na tishu za mafuta zikaonyesha dalili za kuelekea kuhifadhi zaidi. Huo ni utafiti makini, lakini ulihusu milo kamili ya watu ambao hawakuwa katika mpango wa mazoezi, na haulingani na kinywaji kidogo cha protini. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, kundi la Michael Ormsbee lilipima moja kwa moja uyeyushaji wa mafuta chini ya ngozi ya tumbo, kwa wanaume wanene na baadaye kwa wanawake waliozoea vyuma, na halikuona kaseini ya kabla ya kulala ikiuzuia.

Kwa anayetaka yote mawili, yaani misuli na kupungua, ushahidi wenye nguvu zaidi hautaji saa kabisa. Katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 2016, vijana 40 wenye uzito uliozidi walipunguziwa nishati kwa asilimia 40 huku wakifanya mazoezi makali siku sita kwa wiki, kwa wiki nne. Waliokula gramu 2.4 za protini kwa kilo walipoteza kilo 4.8 za mafuta na kuongeza kilo 1.2 za mwili usio na mafuta. Waliokula gramu 1.2 walipoteza kilo 3.5 na kuongeza kilo 0.1 tu.

Mezani, hesabu hizi zina maana ya wazi. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina takriban gramu 33 za protini, hivyo kupata gramu 40 za kaseini kwa maziwa peke yake kungehitaji karibu lita moja na nusu, ambayo kama hayakuondolewa mafuta yana zaidi ya kilokalori 900. Anayeziongeza juu ya sahani ya ugali au wali ya saa 3 usiku atanenepa, hata misuli yake ikijengwa. Mtu wa kilo 70 anahitaji takriban gramu 112 za protini kwa siku ili kufikia kile kiwango cha 1.6, na akiona amebakiza gramu 25 au 30 jioni, basi mayai, samaki, dagaa au mtindi usiotiwa sukari vinaweza kuliwa usiku bila hofu, mradi wanga na mafuta ya kupikia vipunguzwe katika mlo huohuo. Mwenye kiungulia ale mapema, na mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kabla ya kuongeza protini yoyote. Aliyekwisha kutimiza kiwango chake kwa milo ya mchana na jioni hana sababu, kwa ushahidi uliopo, ya kununua kopo la kaseini kwa ajili ya usiku.