Aibu ya Kusikika: Shinikizo la Rika na Somo la Kiswahili katika Shule za Kasese na Bwera

Katika maandishi mengi yanayohusu Kiswahili nchini Uganda, kirai kimoja hurudiwa hadi kimekuwa kama kiitikio: "mtazamo hasi". Mwanafunzi hakipendi Kiswahili kwa sababu ana mtazamo hasi. Mtazamo huo ulianzia katika jeshi la kikoloni, ukakomazwa na utawala wa Idi Amin, ambaye mwaka 1973 alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kwa hiyo dawa yake ni kampeni za kubadilisha fikra. Kama historia, maelezo hayo yana ukweli. Kama ufafanuzi wa tabia ya kijana wa leo, yana kasoro kubwa. Mwanafunzi aliyekuwa na umri wa miaka 14 mwaka 2023 alizaliwa takriban miaka 30 baada ya Amin kung'olewa madarakani. Hamwogopi askari wa Amin. Anamwogopa mwenzake wa dawati la nyuma.

Makala haya yanalihakiki dai la mtazamo hasi kwa kulisoma kutokea Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, mahali ambapo, kama dai hilo lingekuwa kamili, Kiswahili kingepaswa kustawi bila kampeni yoyote. Bwera iko jirani na kituo cha mpaka cha Mpondwe. Ukiuvuka mto Lhubiriha, uko Kasindi, katika mkoa wa Kivu Kaskazini. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule wanasikilizana bila mkalimani, na biashara na watu wanaotoka Beni na Butembo huendeshwa pia kwa Kiswahili. Mtoto wa Bwera, basi, hukisikia Kiswahili sokoni kabla hajakutana nacho darasani. Tangu mwaka 2022, Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, thamani ya lugha hiyo mpakani imezidi kuwa dhahiri. Faida ya kiuchumi, ambayo washauri wa sera huitegemea sana katika hoja zao, haihitaji kuelezwa kwa mtu ambaye mama yake anauza nguo ng'ambo.

Hata hivyo, Kiswahili anachokuja nacho mtoto huyo ni cha Kongo. Husema "batu" mahali pa "watu", na "niko nasoma" mahali pa "ninasoma". Darasani hukutana na mahakimu wawili. Wa kwanza ni mwalimu, ambaye muhtasari unamtaka afundishe Kiswahili Sanifu na ambaye hulipigia mstari kila "batu". Wa pili ni kicheko, na hukumu ya kicheko ndiyo inayodumu. Kicheko hakisemi kwamba upatanisho wa kisarufi umekosewa. Kinasema: wewe ni Mkongomani, wewe ni mchukuzi wa mizigo, kwenu ni magendo. Tena, baada ya usiku wa tarehe 16 Juni 2023, ambapo waasi wa ADF, wenye maficho yao mashariki mwa Kongo, waliishambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, kusikika kama mtu wa ng'ambo si mzaha mwepesi. Inatokea hivi kwamba mwanafunzi anayeijua lugha kuliko wenzake ndiye mwenye sababu nyingi zaidi za kunyamaza. Mwenzake wa Kasese mjini, mji uliokuzwa na reli iliyofika mwaka 1956 na mgodi wa shaba wa Kilembe, huanza somo hilo bila kujua neno, na kwa hiyo bila lafudhi ya kuchekwa.

Fasihi ya malezi hulitaja shinikizo la rika pale tu panapokuwa na pombe, utoro au mimba. Ni upungufu wa ajabu, kwani hakuna jambo ambalo kijana hulipima kwa macho na masikio ya wenzake mara nyingi kwa siku kuliko namna anavyozungumza. Sheng ya Nairobi na Luyaaye ya Kampala hazikutungiwa muhtasari wala kuajiriwa walimu; zilienea kwa sababu asiyezijua alibaki nje ya kundi. Nguvu ileile inayoeneza Luyaaye ndiyo inayoufunga mdomo wa mtoto wa Bwera.

Shule zenyewe zimeitumia nguvu hiyo kwa muda mrefu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind (1986), anaeleza jinsi kitufe kilivyopitishwa kutoka kwa mwanafunzi hadi mwanafunzi ili kumnasa aliyezungumza lugha ya mama. Wasomaji wengi wa kitabu hicho hukazia adhabu na fedheha. Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba msako ulikabidhiwa watoto wenyewe. Mwenye kitufe alipaswa kumkabidhi mwenzake aliyenaswa. Vibao vya aina hiyo vimejulikana katika shule nyingi za Uganda pia, na kanuni ya kuzungumza Kiingereza tu aghalabu haitofautishi Kikonzo na Kiswahili: nje ya kipindi, vyote ni kosa. Si haki kuwafunza watoto kuvizia lugha za wenzao kisha kuwalaumu kwa mtazamo hasi.

Hapa ndipo sera inapohitaji kusomwa kwa makini. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha 1 na cha 2, na la hiari kuanzia kidato cha 3. Azimio la Baraza la Mawaziri la Julai 2022 lilitaka somo hilo liwe la lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini azimio si muhtasari, wala si mwalimu. (Uhaba wa walimu umeandikwa vya kutosha kwingineko.) Kasoro ya mpangilio wa 2020 ni ya wakati: unamwachia kijana uamuzi akiwa na miaka 15 au 16, umri ambao kuchagua somo ni kuchagua watu wa kuketi nao. Watungaji wa mtaala walidhani wanampa mwanafunzi hiari. Walilipa kundi lake kura ya turufu.

Yapo mapingamizi ya kusikilizwa. La kwanza ni la historia ya eneo lenyewe. Chini ya ufalme wa Tooro, watoto wa Wakonzo walifundishwa kwa Kitooro, na dharau dhidi ya lugha yao ilikuwa miongoni mwa manung'uniko yaliyozaa vuguvugu la Rwenzururu mwaka 1962, likiongozwa na Isaya Mukirane, ambaye alikuwa mwalimu. Mtu anaweza kusema kwamba lazima yoyote ya lugha hapa ni kuchezea moto. Lakini mfano huo unafundisha pia kwamba lugha inayochekwa huweza kushikiliwa kwa fahari pale wasemaji wake wanapokuwa kundi. Mtoto wa Bwera mwenye "batu" yake yuko peke yake.

Pingamizi la pili ni kwamba vyama vya Kiswahili shuleni tayari vinashughulikia tatizo. Vyama hivyo vina kazi njema, ila huwakusanya walio na ujasiri tayari. Mahali penye matumaini zaidi ni katika tathmini endelevu, ambayo mtaala mpya umeipa asilimia 20 ya alama. Mradi unaowatuma wanafunzi wa kidato cha 2 sokoni Mpondwe kukusanya msamiati wa biashara, kisha kuulinganisha na Kiswahili Sanifu, ungemgeuza mtoto wa mpakani kuwa kiongozi wa msafara, kwa kuwa bila yeye wenzake hawapati alama.

Mradi kama huo, hata hivyo, unaitaka mamlaka ya mitaala na bodi ya mitihani kuamua jambo ambalo limekwepwa: "batu" ihesabiwe kosa, lahaja, au data. Muhtasari haujasema, na mwalimu wa Bwera analijibu kila wiki kwa kalamu nyekundu.