Baruti na Maji

Mjomba alikuwa hasemi neno anaposhindilia gobori. Ukimsalimu atainua kidole kimoja, nawe utangoja. Alikuwa Mmwera, na kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye kauli juu ya wapwa zake. Gobori lenyewe alilirithi kwa mjomba wake. Lilikuwa na kibali, karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya kopo la maziwa. Shamba lake la muhogo lilikuwa bara ya Kilwa Kivinje, na nguruwe walilijua vizuri kuliko sisi. Kazi yangu ilikuwa kubeba mdeki, ufito wa kushindilia, na kuhakikisha hakuna mwenye moto anayesogea.

Alianza kwa kuuteremsha mdeki ndani ya kasiba. Ukilia ngo, chuma kwa chuma, kasiba ni tupu. Ukidunda bila mlio, kuna kitu ndani kilichosahauliwa, na siku hiyo kazi inaishia hapo hadi kitolewe. Kisha alimimina baruti kutoka kwenye pembe hadi kwenye kipande cha mwanzi alichokikata yeye mwenyewe, akaisawazisha kwa ukucha, ndipo akaitia mtutuni. Hakumimina kutoka kwenye pembe moja kwa moja hata mara moja, kwa sababu cheche moja iliyojificha ndani ya kasiba yenye joto ingeirukia pembe nzima mkononi mwake. Ikafuata nyuzi za kumbi la nazi, zikashindiliwa kwa nguvu ileile ya jana na juzi, bila kutwanga. Ikafuata risasi. (Neno hili ni jina la madini kwanza, tumelizoea hata tukasahau.) Mwisho alitazama alama aliyoichora kwenye mdeki. Alama ikibaki juu ya mtutu kuliko kawaida, risasi haijakaa juu ya baruti, na pengo hilo laweza kuipasua kasiba usoni pa mpigaji. Fataki hakuitia nyumbani. Aliitia shambani, amesimama, mtutu umeelekea kule ambako hakuna mtu.

Nimekaa na maseremala wa majahazi na wachonga milango, na ninawaheshimu. Lakini ufundi wa gobori una jambo lake: kila mlio una mwenyewe. Baruti ameipima yeye, risasi ameiyeyusha yeye, na kosa likitokea hana wa kumsingizia. Zilipokuja bunduki za kujazwa nyuma, watu wa pwani waliziita bunduki za viasi. Waliona sawasawa. Kile kibomba cha shaba kilikuwa ni kiasi, kipimo kilichokwisha pimwa na mtu wa mbali na kufungwa, mpigaji asikione tena.

Kiswahili kimezihifadhi zama zote za silaha hizi. Kuna bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Kuna gumegume, ya jiwe la cheche. Kuna ya fataki, kama ile ya mjomba. Na kuna ya viasi. Kilwa Kivinje ilizipokea kwa biashara ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa na pembe za ndovu na watumwa, na sipendi kuusifu ufundi huu bila kulitaja hilo. Baadaye, Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa, hasa zenye mifereji ndani ya kasiba, zisiingie Afrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Gumegume na baruti ya kawaida viliachiwa mlango, kwa masharti. Wakubwa walijua vyema nani abaki na kipi.

Ndiyo maana nikifikiri juu ya vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani narudi kwenye baruti. Julai 1905 watu wa Nandete, katika milima ya Matumbi, waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya kuzifanya risasi ziwe maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Shuleni tulifundishwa imani hiyo kama jambo la kuhurumiwa. Mimi nimeliona gobori wakati wa masika. Baruti ikinyonya unyevu, fataki inalia tap, na bunduki inakuwa fimbo. Watu waliokuwa na magobori walijua kwa mikono yao kwamba maji huishinda bunduki. Nadhani ahadi ile iliwaingia kwa sababu ilisema jambo ambalo kila mwindaji alikwisha kuliona.

Lakini askari wa Wajerumani walibeba Mauser ya mwaka 1871. Nayo ilikula baruti nyeusi, gramu 5 nyuma ya risasi ya gramu 25, ila baruti hiyo ilikaa ndani ya shaba. Mvua haikuifikia. Nyuma yao kulikuwa na bunduki za rashasha za Maxim.

Miaka 9 baadaye bunduki zilezile ziliwageukia wenyewe. Vita vya 1914 vilipoanza, kombania nyingi za askari hao zilikuwa bado na Mauser ya 71, na kila mlio ulipandisha wingu jeupe lililomwonyesha adui mahali pa kulenga. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki hewa. Inabaki masizi na moshi. Kufikia mapigano ya Mahiwa, bara ya Lindi, Oktoba 1917, wengi walikuwa wamekwisha pata bunduki nyingine, zikiwemo walizoziteka.

Asubuhi ninayoikumbuka hapakuwa na upepo. Mjomba alilenga muda mrefu hata nikadhani amelala macho wazi. Mwenye risasi moja hawezi kulenga vinginevyo. Gobori likalia. Mbele yetu pakawa na ukuta mweupe, na harufu ya yai viza ikatujaa puani. Sikuona nguruwe wala shamba. Nilitaka kukimbia mbele, akanishika bega, tukangoja moshi uinuke polepole hadi juu ya mikorosho. Nguruwe alikuwa amelala kati ya matuta, hatua kama 30.

Hakumwendea kwanza. Alirudi nyumbani, akamwomba mkewe maji yaliyochemka, akayamimina ndani ya kasiba kwa kata, kwa sababu masizi ya baruti yakilala humo usiku mmoja yanakula chuma. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama wino. Ya pili yakawa ya kijivu. Akaongeza kata ya tatu, akainamisha mtutu, nami nikakinga bakuli.