Kodi ya Jengo Kwenye LUKU: Aliyekatwa Siye Mwenye Jengo

Siku ya bajeti, tarehe 10 Juni 2021, masikio ya wengi yalikuwa kwenye tozo za miamala ya simu. Ndiyo maana pendekezo la Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Mwigulu Nchemba, la kukata kodi ya majengo kupitia mita za umeme za LUKU lilipita kama jirani anayekatiza uani kuchukua ndoo yake. Hakuna aliyegeuza shingo. Mwezi Agosti mita zikaanza kukata. Wapo waliosema huo ni ubunifu ambao nchi nyingine zitakuja kujifunza. Kwangu mimi lilikuwa kosa tangu siku ya kwanza, na yaliyofuata hayajanipa sababu ya kulegeza kamba.

Uamuzi huo niupe haki yake kwa sentensi moja: kukusanya kwa mita ni nafuu, ni haraka, na kumetuondolea zile foleni za mwaka 2017 ambapo watu walijazana TRA kugombania nafasi ya kulipa.

Sasa tuingie kwenye kosa lenyewe, taratibu, maana wengi tuliliona likitokea na bado tukabishana lilitokea wapi. Sheria ya kodi ya majengo inamdai mwenye jengo. Haimdai anayelala humo wala anayepika humo. Kiwango cha 2021 kilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Serikali inamtafuta huyo mwenye jengo, inakuta haina orodha ya kuaminika ya majina. Pembeni liko shirika la umeme, TANESCO, lenye mamilioni ya wateja ambao hulipa kabla ya kutumia. Hapo ndipo uamuzi ulipofanyika: jina likaachwa, ikachukuliwa namba ya mita. Na mita haiulizi hati ya nyumba iko kwenye sanduku la nani. Inamkata aliyetuma hela.

Nyumba ikikaliwa na mwenyewe, hakuna aliyeumia. Lakini nenda Manzese, Tandale, Buguruni au Mbagala. Mwenye nyumba anaishi Goba, au amestaafu na kurudi kwao Moshi, au alifariki zamani na warithi wanapokea pango kwa zamu. Umeme hawanunui wao. Ananunua mpangaji, na kuanzia Agosti 2021 mpangaji huyo akawa analipa kodi ya mali isiyokuwa yake, kila mwezi, bila kupelekewa ankara na bila jina lake kuandikwa popote kama mlipaji.

Chukua nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, choo na jiko uani, mita moja. Wapangaji wanachangishana umeme au wanapokezana zamu. Kabla ya uamuzi huu ugomvi wao ulikuwa wa kawaida: nani ana friji, nani anapiga pasi usiku, kijana wa chumba cha mbele ana subwoofer ya nini. Baada ya uamuzi huu umezaliwa ugomvi mpya wa tarehe za mwanzo wa mwezi. Kodi inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Kwa hiyo anayenunua wa kwanza ndiye anayebeba kodi ya jengo zima, na kila chumba kinajua. Tarehe 30 watu wanaanza kujibana, feni zinazimwa, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Tarehe 1 giza likishaingia, mama wa chumba cha nyuma mwenye mtoto mchanga anashindwa kuvumilia, anatuma 2,000. Kwa kiwango cha 1,500 kilichowekwa 2023, kodi inatangulia kuchukua chake, zinabaki 500, na hizo nazo zinasubiriwa na VAT, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Zinazogeuka uniti ni hizo zilizosalia. Asubuhi vyumba vyote vinanunua kwa raha zao.

Huo ndio mfumo tunaoambiwa ni wa kisasa.

Malalamiko yalipotokea, jibu tulilopewa lilikuwa kwamba mpangaji na mwenye nyumba wamalizane wenyewe, yaani mpangaji alipe kisha akate kwenye pango. Aliyetoa jibu hilo hajawahi kupanga, au amesahau. Mpangaji wa mjini ameshalipa miezi sita mbele kabla hajafungua mlango. Anakata kwenye pango gani? Pango liko mfukoni mwa baba mwenye nyumba tangu Januari na limeshakuwa tofali za nyumba nyingine Kivule. Akienda kudai anapewa jibu ambalo wapangaji wanalijua kwa moyo: "Mwanangu, mita unatumia wewe." Akisisitiza, mkataba ukiisha pango linapanda, au chumba kinapata ghafla mtoto wa ndugu anayetoka chuo.

Na hapa nitarudia wimbo wangu, anayeuchoka aruke aya. Sheria ya udhibiti wa pango ya mwaka 1984 ilikuwa na kasoro zake, sikatai, lakini ilikuwa na mabaraza ya nyumba ambako mpangaji aliweza kumpeleka mwenye nyumba na kusikilizwa kama mtu. Ilifutwa 2005 kwa hoja kwamba soko litajipanga. Soko limejipanga kweli: miezi sita mbele, mwezi mmoja wa dalali ambaye kazi yake ilikuwa kukuonyesha mlango, na mikataba ya ukurasa mmoja iliyonakiliwa stationery, yenye mistari kumi ya wajibu wa mpangaji na mmoja wa mwenye nyumba. Ukishamwacha mpangaji bila mahali pa kusemea, usimwambie "mmalizane". Hana cha kumalizia.

Kazi ya kumdai mwenye jengo iliwahi kufanyika bila mita. Jiji la Dar es Salaam liliendeshwa na Tume ya Jiji kuanzia 1996 hadi 2000, chini ya Charles Keenja, na wakati huo kodi ya majengo ilifanywa kazi ya kiufundi: jengo linathaminiwa, linaingizwa kwenye daftari, ankara inatoka ikiwa na jina. Ilikuwa polepole na majengo mengi hayakufikiwa. Lakini ankara ilimkuta mwenye jengo. Mpangaji akiiona imechomekwa mlangoni aliipeleka kwa mwenyewe na kuendelea na kazi zake. Tukatoka hapo, mwaka 2016 tukazinyang'anya halmashauri kazi hiyo na kuipa TRA, baadaye tukaacha thamani na kwenda kwenye kiwango kimoja cha 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, kisha tukaliacha na jina.

Hilo la kiwango kimoja nalo ni donda langu la siku nyingi. Nyumba ya chini ya Oysterbay, yenye bustani ambayo ungeweza kuchezea mechi ya ndondo cup, ni nyumba ya kawaida. Nyumba ya vyumba viwili ya Mbagala Rangi Tatu ni nyumba ya kawaida. Mita zote mbili zinakatwa sawasawa. Aliyebanwa na kiwanja kidogo akajenga kwenda juu, huyo ndiye tajiri.

Mtu anaweza kuitetea Serikali ya 2021 kwamba haikuwa na namna, orodha haikuwepo. Sawa, tuseme hivyo. Mwaka 2022 tulifanya operesheni ya anwani za makazi, vibao vya mitaa vikasimikwa, nyumba zikapewa namba. Agosti mwaka huohuo Sensa ikahesabu, kwa mara ya kwanza, majengo pamoja na watu, na likatoka jibu la zaidi ya majengo milioni 14. Kwa hiyo ilipofika bajeti ya 2023 nchi ilikuwa na namba ya nyumba, jina la mtaa na hesabu ya majengo. Ulikuwa wakati wa kurudi kwa mwenye nyumba. Badala yake Sheria ya Fedha ya 2023 ikapandisha kiwango: kutoka 12,000 hadi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, kutoka 60,000 hadi 90,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, mlipaji akabaki yuleyule. Tozo za miamala zilizosomwa siku moja na kodi hii zilipunguzwa kwa asilimia 30 mwaka uleule wa 2021, na mwaka uliofuata zikapunguzwa tena, kwa sababu zilimuuma kila mwenye simu, wakiwemo wenye nyumba. Hii ya mita inamuuma mpangaji, na mpangaji hana wa kumsemea.

Mbinu ni ileile kwenye kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango, ambapo mpangaji anatakiwa akate na kuipeleka TRA kwa niaba ya anayempangisha. Kwa kampuni yenye mhasibu, hewala. Kwa fundi cherehani aliyekodi fremu Kinondoni, ni kumtuma akamkamate mtu anayeweza kumfungia fremu kesho.

Mpaka wakubwa wabadilishe, tucheze na uwanja uliopo. Anayetafuta nyumba asikubali kuonyeshwa vyumba peke yake. Aombe kuiona mita na namba yake. Nyumba iliyokaa wazi miezi mitano haijasamehewa, deni linajikusanya na linamsubiri wa kwanza kununua, yaani wewe, siku unayohamia na godoro liko juu ya kirikuu. Kwa 1,500 kwa mwezi hiyo ni 7,500 kabla hujapata uniti hata moja, na kwenye ghorofa ni zaidi. Mwambie dalali au mwenye nyumba anunue umeme mbele yako kabla hela ya pango haijatoka mkononi. Dalali atakununia. Mwache anune, mwezi wake mmoja anaupata.

Kwenye mkataba weka mstari mmoja tu: kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, na kiasi kitakachoonekana kwenye risiti za LUKU kitapunguzwa kwenye malipo ya pango yanayofuata. Mwenye nyumba mwenye akili atakubali, kwa sababu 9,000 kwa miezi sita si kitu cha kumkosesha mpangaji anayelipa kwa wakati. Mimi ningekuwa mwenye nyumba ningefanya zaidi: ningempunguzia palepale siku ya kusaini, risiti zisubiri kesi. Risiti zenyewe ni zile meseji za tokeni. Zina mchanganuo, usizifute. Ukibadilisha simu, zipige picha kwanza. Na kwa nyumba za kuchangia mita, manunuzi ya kwanza ya mwezi yawe ya wote kwa mchango sawa, kabla zamu hazijaanza, ili yule mama wa chumba cha nyuma apumue.

Wenye nyumba nao wana yao. Jengo moja likiwa na mita nne halipaswi kukatwa mara nne, lakini mita haijui kwamba zile nyingine tatu ni ndugu zake. Lazima uende kuziunganisha na jengo moja, na usipoenda wapangaji wanne wanaendelea kukatwa kila mmoja kwake. Mzee aliyefikisha miaka 60 na mwenye ulemavu wana msamaha kwa nyumba moja wanayoishi. Huo nao hauji wenyewe, unaombwa TRA. Ankara ya zamani ingekuja na jina, na mtendaji wa mtaa angesema huyu ni mzee wetu, muacheni. Mita haina mtaa.

Kwa anayenunua nyumba, mita ni karatasi ya kukagua kama hati yenyewe. Mara nyingi bado ina jina la muuzaji, au la aliyemuuzia muuzaji, wakati mwingine la fundi aliyeomba umeme wakati nyumba inajengwa. Deni lililomo litakatwa kwenye tokeni zako, na utakapokwenda kulalamika utaulizwa wewe ni nani. Muuzaji alipe mbele yako, akuandikie barua ya kuhamisha mita, na jambo hilo liwe limekwisha TANESCO kabla ya malipo ya mwisho. Kodi ya pango la ardhi ni deni jingine kabisa, hiyo iulizie ofisi ya ardhi kwa namba ya kiwanja. Muuzaji akikuambia kila kitu kinakatwa kwenye LUKU siku hizi, ama hajui au anajua sana.