Nipeni Mji: Mgongano wa Wachezaji katika Utegaji wa Vitendawili

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi akiulizwa kitendawili ni nini, atajibu bila kusita kwamba ni usemi mfupi wenye fumbo linalohitaji jibu. Kwenye mtihani atapata alama zake, na wala hajakosea. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba fasili hiyo imechukua upande wa mchezaji mmoja tu kati ya wote wanaoketi kwenye duara la vitendawili. Wengine imewaacha nje, na walichokuwa nacho kinapotea. Hebu tuanze na tukio, kisha turudi kwenye vitabu.

Tukio lenyewe

Ilikuwa jioni ya likizo huko Kumsenga, wilayani Kibondo, tukipukuchua mahindi. Bibi ndiye aliyekuwa mtegaji. Wajibuji walikuwa mjomba, kijana wa kidato cha pili, na msichana wa miaka kama minane. Mazungumzo ya nyumbani pale ni Kiha, ila vitendawili vilitegwa kwa Kiswahili, maana ndivyo watoto walivyovizoea shuleni. Mimi kazi yangu ilikuwa kupukuchua na kusikiliza.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai!" Kijana alijibu hata kabla bibi hajavuta pumzi.

"Kila niendako ananifuata."

"Kivuli!"

Vikaenda hivyo kama saba mfululizo. Vyote alikuwa amevisoma. Mwishowe msichana akashindwa kuvumilia: "We kaka bwana, usijibu! Bibi hajapewa mji hata mmoja!" Kijana naye akang'aka: "Sasa nikijua nisiseme?" Bibi akasema basi, mchezo umekufa, tumalize mahindi tukalale.

Mjomba ndiye aliyeokoa jahazi. "Mama, hebu rudia kile cha anayekufuata." Bibi akarudia. "Deni!" akajibu mjomba, watu wakacheka. Msichana akasema ni mbwa. Kijana akafungua mdomo, akakanyagwa mguu, akafunga. Bibi akasema tumeshindwa: "Nipeni mji." Tukampa Kibondo, akasema Kibondo alikuwa juzi, haitaki. Tukampa Kigoma, akaikataa. Mjomba akampa Morogoro. Bibi akakaa kimya kidogo, kisha akaipokea.

Kwa kawaida mtegaji akipewa mji husema amefika, amepokelewa vizuri, amekula akashiba, kisha hutoa jibu. Safari ya bibi haikuwa fupi hivyo. Alitembea kwa miguu siku kadhaa, akapanda treni, akapita Tabora na Dodoma, akashuka penye mashamba ya mkonge, akawa anauliza kambi kwa kambi habari za kaka yake aliyeondoka kama manamba wakati wa Mwingereza. Msichana akaidandia safari: akajifanya nyapara, akamwuliza bibi kipande chake cha kazi kiko wapi. Mjomba akawa mpishi wa kambi. Bibi aliwajibu wote. Kumbe bibi mwenyewe hajawahi kufika Morogoro maishani mwake.

Kijana akauliza: "Alirudi?" Bibi akasema hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari. Ndipo akamalizia: "Haya, jibu ni kivuli. Tega wewe."

Nani alikuwa anacheza?

Swali la kujiuliza ni hili: je, watu wale walikuwa wakicheza mchezo mmoja? Kijana alicheza ili ashinde. Msichana alicheza ili awe mtu mwingine. Mjomba alicheza ili watu wacheke na duara lisivunjike, hata ikibidi ajifanye mjinga. Bibi alitaka mji, na kwake fumbo lilikuwa mlango tu wa kuingilia.

Mgongano wa namna hii haupo Kumsenga peke yake. Mfaransa Roger Caillois, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu michezo na watu, aligawa michezo katika makundi manne: ushindani, bahati, uigaji na kizunguzungu. Huko Marekani, mwaka 1974 ulitolewa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu huketi mezani, mmoja akasimulia ulimwengu wa kubuni, na kila mmoja wa wengine akavaa uhusika wake na kusema anachotenda. Tangu hapo wachezaji wake wamekuwa wakibishana: huyu anataka kupigana na kushinda, yule anataka hadithi, mwingine anataka kuishi ndani ya mhusika wake. Wanaoyaona hayo kuwa mapya wamesahau kwamba mtegaji aliyepewa mji husafiri bila kuondoka kwenye kigoda.

Kosa la vitabu

Katika Mulika namba 21 ya mwaka 1989, M. M. Mulokozi aliziainisha tanzu za fasihi simulizi, akaviweka vitendawili kwenye semi, na maigizo akayapa utanzu wake. Wengi tumekariri mgawanyo huo. Tunachosahau ni vigezo alivyotumia. Hakutazama umbile na tabia ya kazi tu, alitazama pia muktadha na namna ya uwasilishaji. Tukikishika kigezo hicho cha pili kwa dhati, kitendawili cha bibi kilianza kama semi, kikapita kwenye masimulizi, kikaishia kwenye maigizo, na yote hayo kabla jibu halijatamkwa.

Orodha zilizochapwa hazionyeshi safari hiyo. Zina fumbo upande huu na jibu upande ule. Mji haumo. Maana yake, mkusanyaji aliandika kile ambacho mchezaji wa aina ya kijana yule angekitaka, na sasa orodha hiyo imerudi kijijini kupitia shuleni na kumpa kijana majibu yote mapema. Mji hutolewa pale tu wajibuji wanaposhindwa. Wakijua kila kitu, mtegaji hana safari.

Tusimwonee kijana, lakini

Wapo watakaosema basi kijana ndiye mharibifu. Mimi sikubaliani nao. Bila mtu anayetaka jibu, hakuna kushindwa kwa kweli, na mji unaotolewa bure hauna utamu. Bibi akiachiwa peke yake angesafiri mpaka watoto wasinzie. Tena, ni kijana huyo huyo, kwa uchu wake wa kutaka kujua, aliyeuliza swali ambalo mjomba na msichana hawakuliuliza: alirudi? Kwa hiyo tofauti za wachezaji si kasoro ya kusafishwa. Ndizo zinazousukuma mchezo, mradi asiwepo mmoja anayewanyamazisha wengine wote.

Na hapo ndipo penye lawama yetu sisi wahakiki. Kwa kuchapa majibu bila miji, tumempa mchezaji mmoja sauti ya wote. Waha wengi walikwenda kwenye mashamba ya mkonge wakati wa ukoloni, na habari za wasiorudi zimebaki vichwani mwa wazee. Jioni ile habari moja ilitoka, kwa sababu tu mjomba alikubali kukosea.

Hitimisho

Rai yangu kwa wenzangu tunaokwenda uwandani ni ndogo. Tukirekodi vitendawili, tusizime mashine jibu likishapatikana, na tusiwe wepesi wa kujibu. Tuandike mji gani ulitolewa, upi ulikataliwa, nani aliingia safarini na kama nani. Wahadhiri nao watusaidie: swali la mtihani lisiishie kwenye "toa jibu la kitendawili hiki". Liulize pia, ungetoa mji gani, na kwa nini mtegaji angeukubali?