Elimu ya Kusema na Elimu ya Kusikiliza

Msomaji, haitapita miaka mingi kabla hujaulizwa ungependa kusoma nini katika chuo kikuu. Wenzako wengine watataja udaktari, wengine sheria, wengine uhandisi. Mmoja, aliye hodari wa midahalo ya shule, atataja mawasiliano, na watu wazima watamcheka kidogo. Watauliza: Je, kusema nako kwahitaji miaka minne ya chuo, hali kila mtoto hujifunza kusema kwa mama yake bila ya ada? Swali hili si la upuuzi, wala halistahili kujibiwa kwa hasira. Nataka tulipime pamoja kama mnunuzi mwangalifu apimavyo bidhaa: kwanza tutazame kilichomo, kisha tuseme kilicho chema, na mwisho tuseme kilichopungua.

Tuanze na kilichomo. Mwanafunzi wa shahada ya mawasiliano hufundishwa kuandika habari, kuhoji watu, kunena mbele ya hadhara, kutengeneza vipindi vya redio na televisheni, kutunga matangazo ya biashara, na kulinda jina jema la shirika mbele ya umma. Hufundishwa pia sheria zinazowahusu waandishi, adabu ya kazi, na njia za utafiti. Na juu ya hayo yote huwekwa nadharia. Elimu hii si mgeni wa jana katika nchi zetu. Nairobi, shule ya kuwafunza watangazaji ilianza mwaka 1961, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kufundisha uandishi wa habari mwaka 1970. Dar es Salaam, shule ya uandishi wa habari ilifunguliwa mwaka 1975, na mwaka 2003 ikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Katika hayo mna mema mengi. Wahenga walisema kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na shahada hii humtahadharisha mtu na kujikwaa huko. Humfundisha kuthibitisha habari kabla ya kuitangaza, na kutofautisha jambo lililotokea na maoni ya mtu juu ya jambo hilo. Humfundisha pia mambo matatu ambayo Aristotle, mwanachuoni wa Uyunani, aliyaona zamani kuwa ndiyo nguvu ya msemaji: tabia yake, hisia anazoziamsha, na hoja anazozitoa. Anayeyajua matatu haya aweza kumvuta mtu. Lakini aweza pia kutambua wakati yeye mwenyewe anapovutwa kwa hisia tupu zisizo na hoja. Usidhani kuwa hili ni jambo dogo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, huku huku katika kaunti yetu ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400. Mashtaka yaliyofikishwa mahakamani yasema kwamba watu hao walihimizwa kufunga chakula mpaka kufa. Baada ya msiba wa namna hiyo, nani atasema kuwa elimu ya kupima maneno ni anasa?

Basi shahada hii ina haki ya kuwapo. Lakini mhakiki asifuye tu hana tofauti na mpiga debe wa matwana, na sasa yatupasa kutaja upungufu.

Mwaka 1948 mtaalamu wa Marekani, Harold Lasswell, aliyakusanya mawasiliano katika maswali matano: nani asema, asema nini, kwa njia gani, amwambia nani, na neno lake laleta matokeo gani. Mwaka huo huo Claude Shannon, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya simu huko Marekani, alieleza jinsi ujumbe utokavyo kwa mpelekaji, ukapita katika njia yenye makelele, ukamfikia mpokeaji. Mawazo hayo mawili yamo katika masomo ya mwanzo ya elimu hii mpaka leo. Ni mawazo safi, na Shannon hakukosea. Kazi yake ilikuwa kuvusha alama katika waya, na waya haujali kama mpokeaji amefurahi au ameudhika. Lakini angalia mshale uelekeako. Watoka kwa msemaji kwenda kwa msikilizaji, na hapo waishia. Hata swali la tano, la matokeo, ni swali la mwenye kutupa jiwe anayetazama kama limelenga.

Wako wataalamu waliokuja baadaye wakaongeza mshale wa pili, wa jibu kurudi, na wanafunzi husoma habari zake. Hata hivyo kuusoma mshale huo ni jambo moja, na kuutenda ni jambo jingine. Mwanafunzi hupewa alama kwa habari aliyoiandika, kipindi alichokinasa, na tangazo alilolichora. Ni mara chache anapoambiwa: Rudi kwa watu uliowaambia, uwaulize wamefahamu nini, kisha uje utueleze walivyokurekebisha. Hapo ndipo bidhaa yetu inapopungua uzito.

Twende Tezo tukaone upungufu huu ukitembea kwa miguu. Tezo iko kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, kaskazini ya mji wa Kilifi, katika nchi ya minazi na mikorosho. Wengi wa wenyeji ni Wagiriama. Kigiriama ni lugha ya nyumbani, Kiswahili ni lugha ya sokoni na barabarani, na Kiingereza ni lugha ya darasani. Tuseme kijana mwenye shahada ya mawasiliano ametumwa kuwahimiza wakulima wa huko kuipulizia mikorosho yao salfa, ili ukungu usiharibu maua. Ametayarisha vyema. Picha zake ni nzuri, sauti yake yasikika mpaka nyuma ya baraza, maneno yake yamepangwa kwa taratibu. Anapomaliza anauliza, "Mmeelewa?" Wazee wanatikisa kichwa, wanampa asante, wanatawanyika. Kijana anaandika katika taarifa yake kwamba ujumbe umepokewa.

Msimu unakuja, na salfa hainunuliwi. Siku moja anapita nyumbani kwa mzee mmoja, na baada ya kuamkiana na kuulizana hali anamwuliza sababu. Mzee anamjibu, "Mwanangu, siku ile ulisema vizuri. Lakini dawa hiyo tutainunua kwa fedha gani? Na korosho zikizaa, tutamuuzia nani, na kwa bei gani?" Kijana anashangaa. "Mbona hamkuniuliza pale barazani, mzee?" "Ulikuja kusema," mzee anajibu, "nasi tulikuheshimu, tukakuacha useme."

Mfano huu ni wa kutunga, lakini umbo lake utalikuta mahali pengi. Kijana hakukosa ufasaha. Alikosa kufahamu kwamba kimya cha wazee ni adabu, wala si kukubali. Tena shahada yake aliisoma kwa Kiingereza. Alijua jina la kila kosa la mawasiliano katika lugha ambayo mzee haitumii, lakini hakujua kuuliza kwa lugha ya mzee swali dogo lifunguliwalo na mlango wa urafiki. Kutafsiri maneno hakukumtosha. Ilimpasa aanze na mashaka ya mzee.

Mtu mmoja wa nchi hii alilijua jambo hilo bila ya shahada. Mwaka 1913, serikali ya Kiingereza ilipowataka Wagiriama kodi na vijana wa kufanya kazi mbali na kwao, Mekatilili wa Menza alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya maombolezo ambayo watu walikuwa nayo tangu zamani. Hakuwaletea wasikilizaji wake hofu mpya. Alikwisha kuisikia hofu ya kina mama juu ya watoto wao, akairudisha kwao ikiwa na sauti. Husimuliwa kwamba aliweka kuku na vifaranga mbele ya ofisa wa serikali, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja, kuku akamdonoa. Kila mama aliyekuwapo alifahamu bila mkalimani. Mwaka huo huo serikali ilimkamata na kumpeleka mbali, Kisii; lakini neno lilikwisha kushika mizizi, na mwaka 1914 Wagiriama waliingia vitani.

Nini basi hukumu yetu? Tezo si jina la mahali tu. Ni jina pia la chombo cha seremala, chenye makali yaliyopinda, cha kuchongea mbao. Shahada ya mawasiliano ni tezo ya namna hiyo. Ni kali na ina kazi. Lakini fundi asiyeujua mti wake, wala asiyetazama nyuzi zake zinakwenda wapi, atapasua ubao mzuri na kulaumu mti.

Kwa hiyo, ukiichagua elimu hii, ichague bila haya, na wakikucheka, wajibu kwa upole. Lakini ingia darasani na swali la sita mfukoni: Msikilizaji amejibu nini? Wala usingoje chuo ndipo uanze. Leo jioni chagua somo moja ulilofundishwa shuleni, umweleze bibi yako kwa lugha ya nyumbani kwenu. Ukimaliza, usimwulize kama ameelewa, maana kwa kukupenda atakujibu naam. Mwombe akueleze wewe. Mahali atakapokwama, hapo ndipo wewe hukusema bado. Na mahali atakapokuuliza jambo usilolijua, hapo ndipo masomo yako yatakapoanza.