Sindano kavu au sindano ya umeme: ipi imfae mbeba magunia?

Likasi, nchini Kongo, ni mji wa shaba na kobalti. Mtu aliyebeba magunia ya mawe ya madini hayo miaka mingi, awe wa mtaa wa Buluo au wa Panda, mara nyingi huumwa kiuno na bega hata siku asiyofanya kazi. Tiba ya sindano inaweza kumsaidia, lakini aina zake mbili hazifanyi kazi kwa njia moja.

Sindano kavu hulenga mahali pamoja. Mwaka 1979, Karel Lewit, daktari wa Prague, alieleza kuwa sindano isiyo na dawa hutuliza maumivu ya msuli ikigusa penyewe panapouma. Mtaalamu hupapasa msuli uliokaza hadi akute fundo, kisha huingiza sindano nyembamba na kuipandisha na kuishusha mpaka msuli ushtuke. Ni kazi ya dakika chache. Msuli unaweza kuuma siku moja au mbili baadaye.

Katika tiba ya umeme, sindano huunganishwa mbili mbili na mashine ndogo, zikakaa mwilini dakika 20 hadi 30. Mtafiti Han Jisheng wa Beijing alionyesha kwamba mapigo 2 ya umeme kwa sekunde huufanya mwili utoe enkefalini na endofini, na mapigo 100 hutoa dinofini. Hizi ni dawa za maumivu ambazo mwili hujitengenezea, kwa hiyo nafuu huvuka mahali palipochomwa.

Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2013 yalikusanya majaribio 9 yenye watu 395 wenye maumivu ya misuli yaliyoenea mwili mzima. Sindano za mkono, zisizo na umeme, hazikuzishinda za kuigiza. Za umeme zilipunguza maumivu na ukakamavu, na usingizi ukawa mzuri zaidi. Hata hivyo, majaribio yalikuwa madogo, na nafuu ya mwezi mmoja haikufika miezi 6.

Kwa hiyo fundo moja begani laweza kujaribiwa kwa sindano kavu, mikononi mwa mtaalamu anayejua kuepuka pafu. Maumivu yaliyotapakaa yanastahili umeme, ila si kwa mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Kwa vyovyote, sindano iwe mpya, na mwezi huo wa nafuu utumike kwa mazoezi ya mgongo na kupunguza mzigo. Anayerudia gunia lile lile atarudia maumivu yale yale.